Jenereta ya Zamu

Haikuja na kishindo, ile.
Ilinyesha kama mvua ya kawaida, siku tano,
ila kila tone lililogusa kitu liligoma kuondoka.
Nyaya za umeme zikanenepa kama mkono wa mtoto,
kisha kama mkono wa baba yake.
Usiku wa tatu mimepo ikaanza kupasuka,
miti yetu ya sukari,
mmoja, kimya, mwingine,
nasi kitandani tukihesabu
kama watu wanaosomewa deni lao.

Kulipokucha hapakuwa na njia wala simu.
Minara ya chuma ilikuwa imepiga magoti
kuanzia kwa Rosaire Thiffault hadi mto Yamaska.

Ng'ombe hana habari ya dhoruba.
Ng'ombe anajua saa kumi na moja alfajiri.
Sabini na wawili walisimama zizini,
viwele vimevimba, chuchu zinadondosha zenyewe,
wakalia mpaka mama akashusha kofia ya sufu masikioni.
Tulikamua kwa mikono: baba, mimi,
na dada Solange, mimba ya miezi saba.
Tulipofika wa kumi na tisa, vidole vilikataa.

Jenereta ilikuwa moja barabara nzima,
na mwenye nayo ni Ovila Gendron,
ambaye baba hakumsalimu tangu niko darasa la pili,
kisa mtaro wa mpakani, futi mbili za tope.
Baba alivaa buti. Akavua. Akavaa tena.
Alikuwa bado mlangoni, anatafuta maneno,
tuliposikia trekta.

Ovila hakushuka.
"Saa mbili kila zizi. Ninyi ni wa nne."
Baba akasema, "Ule mtaro..."
Ovila akasema, "Waya wako uko wapi?"
Ndiyo maongezi yote.
Nimesikia marefu zaidi yasiyofika hapo.

Siku ishirini na tatu mashine ile ilizunguka
nami nyuma yake kwenye tela, chini ya turubai,
spana kifuani isije ikaganda.
Maziwa tuliyamwaga. Lori lipite wapi?
Usiku mzima tunakamua, asubuhi tunamwaga,
theluji nyuma ya zizi ikawa ya manjano, ikanuka.
Ovila alisema tusiite hasara.
Aliyepunguziwa maumivu si sisi.

Wengine walilala ukumbi wa michezo wa shule.
Bi Fernande, mjane, alikataa kitanda mara tatu,
akisema yeye si ombaomba, ana jiko lake.
Mara ya nne wakamwambia
wanajeshi wametoka magharibi ya Kanada, wana njaa,
na hakuna anayejua kumenya viazi.
Akaja na kisu chake mwenyewe.

Machi akaja karani na fomu.
Kitu. Idadi. Thamani.
Baba aliandika maziwa, paa la ghala, uzio.
Kwenye mimepo kalamu ikasimama.
"Mti mmoja ni bei gani?" karani akauliza, kwa upole.
"Inategemea," baba akasema.
"Unaununua leo, au miaka arobaini ijayo?"
Karani akaacha nafasi ile wazi.
Chini kabisa kulikuwa na swali jingine:
Je, ulipokea msaada wowote? Eleza.
Mstari mmoja tu.
Baba akaandika: Saa mbili, kila siku.

Aprili miti iliyovunjika ilitoa utomvu
palepale kwenye majeraha,
ukachuruzika bila ndoo, mtamu, juu ya gome.
Solange alimwinua mtoto wake aulambe.

Mtaro wa mpakani uko vilevile.
Theluji ilipoyeyuka tulidhani utafurika;
tukakuta mtu ameshauzibua,
upande wetu na wao.
Baba alitazama nyayo za buti kwenye tope,
akasema miguu ya Gendron siku zote ilikuwa mikubwa,
akaenda kukamua.