Pindo Jeusi

Alhamisi, Llanelli, mvua ya mshazari.
Bi Glenys aliweka kanda juu ya kaunta yangu,
kaifunga kwa taulo la jikoni kama mkate wa moto.
"Ni Gwilym," akasema. "Mjaze kwenye televisheni mpya.
Mwanangu kaninunulia, pana kama mlango uliolazwa."

Kanda ya mwaka themanini na tisa:
nne kwa tatu, dunia ya karibu mraba.
Kioo chake, kumi na sita kwa tisa.
Nikaivuta ijae.
Gwilym akanenepa papo hapo,
mashavu chapati, gurudumu la toroli lake likawa yai.
Mtu ambaye, kwa maneno ya mkewe,
alikuwa mwembamba hata mvua ilimkosa.

Nikaikata juu na chini.
Kofia ikaenda. Zikaenda na liki alizozishika,
zile zilizompa nafasi ya pili kwenye maonyesho.
Akabaki uso na vifungo,
kama anayeomba pasipoti.

Nikaongeza mistari: mia tano sabini na sita
iwe elfu moja na themanini.
Lakini kukuza picha ni kutia maji kwenye uji:
sufuria hujaa, unga ni uleule.
Kompyuta ikabuni ndevu ambazo hakuwa nazo.

(Mama yangu, Jumapili, hunijia wima simuni,
mwembamba kama ufa wa dirisha.
"Sogea," husema, "silioni sikio lako la pili.")

Mwishowe nikamwacha alivyo,
katikati, weusi kushoto, weusi kulia.
Kanga ina mji na ina pindo;
ukilikata pindo ili mji uenee
umebaki na kitambaa cha kufutia meza.

Bi Glenys alitazama bila kuvua koti.
Nikaanza kujitetea: huo weusi, mama, si ubovu, ni kwamba
Hakunisikia.
Gwilym alikuwa amegeukia kushoto, anacheka,
anacheka na kitu ambacho kamera haikukifikia.

Akainuka. Akaweka kiganja juu ya ule weusi,
upande wa kushoto, usawa wa bega la mumewe.
"Hapa," akasema. "Nilikuwa hapa,
nimeshika mpira wa maji.
Ndiyo kwanza nimemlowesha."

Kisha akafunga kifungo cha juu cha koti
akauliza ni pauni ngapi.