Mlango wa Trela

Mkia wa Gryt ulikuwa umejikunja juu ya kiuno
kama mkono wa kikombe cha bati.
Mbwa wa maji, manyoya mafundo mafundo,
meusi, yakinuka tope na mafuta ya bata.
Ukitaka habari za nyumba yetu
hukumtazama mama, wala baba.
Ulitazama mkia.

Jumamosi ile mitaro ya Friesland ilianza kuganda,
utando wa barafu mwembamba kama ngozi ya maziwa.
Baba akapiga, Gryt akaruka. Akapiga, akaruka.
Bata kumi na mmoja, mmoja mmoja, kutoka ng'ambo ya matete,
na mkia nyuma yake ukiwa usukani,
ukiyakata maji, na maji yakiukata.
Nilihesabu mimi. Nilikuwa na miaka tisa,
kazi yangu kuhesabu, na kufunga mlango wa trela.

Usiku hakulala. Alijaribu kukaa, akainuka,
akazunguka, akajaribu tena,
kama mgeni aliyepewa kiti chenye msumari.

Asubuhi mkia ulikuwa umekufa.
Vidole vinne kutoka mgongoni ulikwenda mlalo,
kisha ukaning'inia,
kamba ya kengele siku isiyo ya ibada.
Alitoka uani kujisaidia, akashindwa kuchutama,
akarudi, akauelekea ukuta, akaugusa kwa pua.
Mficha maradhi, kilio humuumbua.
Gryt hakulia.

Jirani Tjeerd akaja, akabonyeza shina la mkia.
Gryt akageuza kichwa, akaonyesha jino moja tu, kwa adabu.
"Umevunjika," akasema Tjeerd. "Huu umebanwa na mlango."
Na wote, pamoja na paka, wakanigeukia.

Nilifunga haraka? Nilifunga. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.
Nilitazama? Sikumbuki kama nilitazama.
Baba hakupaza sauti. Aliuliza tu, mara tatu,
na mara ya tatu nikasema ndiyo, ni mimi,
nilisikia mlango ukigonga kitu laini.
Sikuwa nimesikia chochote.
Nilitaka maswali yapate mahali pa kulala.

Daktari Aukje alitandika gazeti mezani,
akapitisha kidole pingili kwa pingili
kama kipofu asomaye barua.
"Mfupa mzima. Wote.
Panapouma ni hapa juu, kwenye msuli.
Ameogelea baridi hii kwa muda gani?"
Baba akatazama buti zake.
"Bata kumi na mmoja," nikasema,
kwa kuwa hesabu ilikuwa yangu.
"Mkamkausha?"
Hakuna aliyemkausha.
Tulikuwa tumeikausha bunduki.

Dawa ya maumivu, blanketi, wiki nzima bila maji.
Njia yote baba aliendesha
kana kwamba barabara imejengwa kwa mayai.
Hiske, akasema mara moja, jina langu tu,
halafu akabadilisha gia.

Usiku wa pili niliamka.
Chini, karibu na jiko la makaa,
alikuwa amepiga magoti kwa soksi,
taulo lake mwenyewe la kuogea
amelizungusha kwenye kiuno cha mbwa.
"Nisamehe," akasema. Akangoja.
Akasema tena, kwa sauti kubwa
kuliko anayohitaji mbwa mwenye masikio mazima
aliye shubiri moja kutoka kinywani.
Nilikaa gizani, kipandio cha tano cha ngazi.
Sikujibu. Sikujua kama ilikuwa zamu yangu.

Siku ya nne ncha ikatikisika. Ya sita ukapanda nusu.
Haukuwa tena mkono wa kikombe, si kamili;
uliinamia kushoto kidogo,
kama herufi ya mtu anayejifunza kuandika,
na Gryt hakujali, aliutikisa hivyo hivyo,
akiangusha vijiko.

Mimi ndiye niliyebaki nao.
Hadi leo nikifunga mlango, wa gari,
wa friji, wa chumba cha wanangu,
natazama kwanza chini,
pale mkia ungekuwa.