Ufunguo

Jumatano asubuhi Padri Lokwang alinipaka paji
jivu la matawi tuliyoyapunga mwaka jana,
akasema yale niliyozoea kusikia: u mavumbi wewe.
Nikaitikia, nikarudi zangu Umoja kwa miguu,
na vumbi la njiani likanipanda hadi magotini
kana kwamba limesikia likiitwa.

La kuacha nilikuwa nimeshaamua:
sukari, kama kila mwaka. Sukari haiumi.
Siku ya tatu ulimi umesahau,
siku ya arobaini nahesabu nilichookoa
nanunua kilo mbili.

Lakini shingoni, kwenye uzi mmoja,
rozari na ufunguo vinagongana.
Nikisali, chuma kinajibu.

Ni ufunguo wa kabati la vioo, sebuleni:
vikombe kumi na viwili vya kaure,
ukingo wa dhahabu, maua ya buluu,
nilivyolipia kidogo kidogo
miezi kumi na minne ya kuuza githeri
mwaka ule Mutheu anaota meno.

Vya wageni, nilisema.
Wageni wakaja.
Wakaja wa posa ya Mutheu huyo huyo,
nikawatazama viatu, nikasema moyoni, si hawa.
Wakaja wa matanga.
Nikawapa vya plastiki.

Musembi alikuwa akirudi kutoka Viwandani
simiti imemkauka kooni.
Aliniuliza mara moja tu, kwa utani:
"Ndunge, mimi nitakuwa mgeni lini?"
Tukacheka sana.
Alikufa Agosti. Kando ya kitanda
kikombe chake cha bati, chenye kovu mdomoni,
kilikuwa bado na maji nusu.

Ijumaa ya pili ilikuwa zamu yangu kupokea jumuiya.
Nekesa alisoma vituo polepole,
miwani yake imefungwa kwa uzi.
Kituo cha kumi: Yesu anavuliwa nguo.
Nikamwona amesimama hana kitu,
nami mkono wangu uko shingoni, umekaza,
kama mtu anayeogopa kuibiwa
na aliyekwisha kuibiwa vyote.

Nilifungua kabati. Kitasa kililia.
Alfajiri ile maji ya mgao yalikuwa yamefika, mitungi mitatu;
nikaosha vumbi la miaka ishirini na sita.
Limeingia hata nyuma ya kioo.
Nimefunga kwa ufunguo, nalo limeingia,
taratibu, bila kubisha.

Chai ya rangi, haina sukari.
Akelo alikishika chake kwa mikono miwili,
akauliza, "Hivi umekodi wapi?"
Mtoto wa Nekesa akawa analamba dhahabu ya ukingo
aone kama ni tamu.
Kikamponyoka.

Sauti yake ilikuwa ndogo.
Ndogo kuliko niliyoiogopa miaka yote hiyo.
Wakanitazama wote.
Nikasema, si neno.

Ikawa neno. Usiku nililia, sitakudanganya, Bwana,
nililia kikombe kwanza,
kisha Musembi,
kisha sikujua tena mpaka umepita wapi.

Asubuhi nikavifunga kwa gazeti kuukuu.
Vinne kwa Nekesa, mtoto akiwa ameshikilia mlango.
Vinne kwa Mutheu, aliyenyamaza kwenye simu
mpaka nikadhani laini imekatika.
Vitatu viko rafuni, wazi, karibu na chumvi;
akija wa kuomba maji, anapewa hicho.
Mimi nanywea cha bati,
mdomo pale penye kovu.

Usinisifu. Bado nahesabu:
kumi na moja, kumi na moja.
Kabati limebaki tupu na linaniangalia
kila ninapopita na ufagio.

Uzi sasa una rozari peke yake.
Nikisali, hakuna kinachojibu.
Mkono huenda wenyewe kutafuta ufunguo,
unakuta msalaba,
unashtuka.