Herufi Nyeupe

Saa nane na dakika sita za usiku nilibonyeza Tuma.
Saa nane na dakika kumi nikajibiwa:
Mpendwa Muombaji, tunasikitika.

Dakika nne.
Hata chai ya mkandaa haijakolea.
Nani huyo aliyekesha
ili anisikitikie?

Hii ni hodi ya tatu,
na hodi ya tatu isiyoitikiwa
mtu hugeuza viatu akaenda zake.

"Si mtu," Shaame akanambia,
Shaame wa fotokopi, pale Wete mkabala na benki,
kucha zimeingia wino tangu enzi za taipureta.
"Ni chekeche. Linachekecha maneno.
Tangazo limesema huduma kwa wateja,
we umeandika kupokea wageni.
Kwako kitu kimoja.
Kwake, hujapata kupokea hata paka."

Miaka minane nilikaa mapokezi.
Nilizijua funguo kwa mlio wake,
nikamjua mgeni aliyefikiwa na habari mbaya
kwa namna anavyouliza saa ya chai.
Umeme ulipokatika siku tatu
nilimtoa Mtaliano mmoja, mkali kama pilipili mbuzi,
nikamkalisha barazani na kipepeo cha ukindu.
Akaomba aongezewe usiku.
Haya, hili nalo linaitwaje?

"Utatuzi wa migogoro," kasema Shaame, anachapa.

Akaing'oa picha yangu: mashine haijui ushungi.
Akalivunja jedwali nililolisuka siku mbili kama mkeka:
safu mbili zinasomwa mkato,
Mize anatumbukia katikati ya namba ya simu.
Kila neno la tangazo akalipanda,
akalipanda tena, shimo kwa shimo.
Nikaisoma. Safi.
Mwanamke mwengine kabisa,
kachukua jina langu.

Kwetu tukichambua karafuu,
karafuu huku, makonyo kule,
mama akinikemea: usiyamwage hayo,
makonyo nayo yana mafuta.

"Na kuna uchawi mmoja," Shaame kainamisha sauti.
"Andika kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe.
Jicho halioni, chekeche linaona.
Watu wanajaza kiongozi, kiongozi, kiongozi,
ukurasa mzima, kimya kimya."
Kisha akaadhiniwa alasiri, akaenda kuswali.

Nikabaki mimi na kipanya.
Nikachagua nyeupe.
Kiongozi sikuandika.
Niliandika nisichokiona, hivi:

mama aliugua Ramadhani, usiku wa kumi na tisa.
nilimpakata boti nzima, Mkoani hadi Malindi,
nikizihesabu pumzi zake.
nilimwambia naziona taa za mjini.
sikuwa naziona.
wiki iliyofuata nilikuwa mapokezi, nacheka na wageni.
sijui haya nyinyi mnayatafuta kwa neno gani.

Karatasi ikabaki nyeupe vile vile.
Nikatuma. Nikalipa shilingi elfu moja na mia tano,
mia tano nikasamehewa.

Siku ya kumi na moja, simu.
Mazizini, ghorofa ya pili, kiyoyozi kinauma magoti.
Watu watatu, na mbele yao karatasi.
Kumbe lile chekeche halina habari na rangi:
limekamua yote, mpaka makonyo,
likayatema kwa wino mmoja, mweusi tii.
Nikayaona maneno yangu kichwa chini miguu juu,
yamekaa mezani, hayana nguo.

Wa kulia akauliza habari za kompyuta. Nikajibu.
Wa kushoto akauliza mshahara. Nikababaika.
Yule wa kati, mama wa miwani,
hajasema kitu tangu salamu.
Kafunua ukurasa wa mwisho,
kidole kimekwama mstari mmoja.

"Huyu mama yako," akasema,
akaivua miwani.
"Boti ilifika naye?"