Dole Gumba

Zamani tukiitwa kwa majina.
Skuli ya Limbani, darasa la pili,
viti vya watoto, magoti yetu yakigonga meza,
na kijana wa serikali akisoma: Time binti Ussi Kombo!
Nami nikiitika "Labeka" kama niko chuoni,
natia dole kwenye wino, nafunga noti penye pindo la kanga,
natoka hapo moja kwa moja kwa Bi Nunuu
kabla sijanunua hata kibaba cha mchele.
Kodi kwanza. Tumbo lina subira, mwenye nyumba hana:
ndivyo nilivyokuwa nikimtania, naye akicheka,
akinifungulia daftari lake
nami nikilitia dole lile lile, na wino haujakauka.
Miaka minane daftari lile limenisoma.

Mwaka huu wakasema utaratibu umetengenezwa.
Hakuna foleni, hakuna noti, pesa zitakuja kwenye simu,
ila kwanza mashine ikutambue.
Kidude cheusi, kadiri ya kisanduku cha udi,
kina jicho la kijani.
"Weka kidole, bibi." Nikaweka.
"Futa, weka tena." Nikafuta, nikaweka.
"Kingine." Vyote kumi.
Akanitazama kama mtu aliyepewa noti bandia.
"Bibi, vidole vyako havina mistari."

Mistari yangu, mwanangu, iko kwenye makonyo.
Iko Mtambwe, kwenye mashamba ya watu,
kila msimu tangu sijavunja ungo,
nikichambua karafuu mpaka koroboi izime,
pishi kwa pishi.
Ilitiwa maguniani ikapanda meli,
kaiulize bandarini.

Sikumwambia. Nilisema, "Basi?"
Akasema, "Basi, subiri."

Subira huvuta heri.
Yangu ilivuta deni la miezi mitatu.

Bi Nunuu simlaumu. Bati lake linavuja,
ana miaka sitini na sita, pencheni haijamfikia;
chumba changu ndicho pencheni yake.
Alikuja jioni, akakaa kizingitini, hakuingia,
daftari mapajani, hakulifungua.
Tulizungumza bei ya dagaa. Tulizungumza maiti ya Jadida.
Kisha akalia yeye, mimi nikambembeleza,
na asubuhi nikakunja mkeka.

Sasa niseme sina nyumba? Haya hainiruhusu.
Nakaa kwa Mize, siku nne. Kwa Hidaya, wiki.
Konde, kwa mtoto wa marehemu kaka yangu,
mpaka mkewe alipoanza kuosha vyombo kwa kishindo.
Mgeni, wanasema, siku ya tatu mpe jembe;
mimi nalishika siku ya kwanza, singojei kupewa:
nafagia, napepeta, nabembea vitoto,
nalala ubavu mmoja nisichukue nafasi.
Hutuoni barabarani sisi.
Tumo ndani, ukumbini mwa watu,
tunaamka kabla ya adhana tukunje alama zetu.

Juzi nikaitwa tena. Mashine mpya.
Usiku kucha nilivipaka vidole mafuta ya nazi,
nikavifunga vitambaa kama biharusi mwenye hina.
Ikalia: tii. Imesoma!
Hata kijana alipiga kofi.
Kisha akauliza, "Shehia gani, bibi?"
Limbani.
"Sheha wa Limbani kaandika umehama."
Basi Konde.
"Konde hawana jina lako. Unalala wapi?"

Nikaanza kumtajia. Alhamisi hapa, Jumapili kule,
na mfungo ukiingia, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.
Akaweka kalamu chini, taratibu,
akanigeuzia fomu nione mwenyewe:
pa kuandika makaazi pana mstari mmoja tu,
mfupi kama ukucha.

Nilirudi kwa miguu, nikapitia Limbani.
Dirishani pana pazia la watu wengine, la maua.
Ufunguo bado ninao, umo penye pindo la kanga,
pale pale zilipokuwa zikikaa noti.
Bi Nunuu hajauuliza.
Kitasa, nasikia, kishabadilishwa.