Waya wa Ardhi

Stata inazunguka, injini haiitikii.
Mara ya kwanza, ya tatu, ya saba.
Celestino anaupiga usukani kofi
kama anayemwamsha mlevi.
"Pampu imekufa," anasema,
na moyoni ameshauza kondoo wawili,
ameshadandia lori hadi Esquel,
ameshalipa.

Namwambia: shuka.
Hatuoshi maiti kabla ya kumshika mshipa.

Saa kumi na mbili asubuhi. Upepo wa Chubut
umeingia kazini kabla yetu.
Ng'ambo ya kilima wanangoja wakata manyoya,
watu tisa, mashine nne,
na kondoo mia saba waliolazwa njaa
ili wakatwe na tumbo tupu.

Kwanza nasikiliza.
"Washa ufunguo, stata usiiguse."
Nimelaza sikio kwenye tangi,
chuma kinang'ata kwa baridi,
na ndani nasikia mvumo,
sekunde mbili, kisha kimya.
Si mvumo wa nyuki.
Ni wa mtu asomaye barua kwa sauti ndogo
asiyejua kusoma vizuri.

"Inalia," nasema. "Maiti hailii."

Geji nimeiazima kwa mzee Griffiths wa Trevelin.
Alinipa na kipande cha keki nyeusi, na onyo:
geji haikutajii mwenye kosa,
inakwambia tu kwamba kosa lipo.
Naifunga kwenye reli ya mafuta,
kwenye vali ndogo kama pua ya tairi la baiskeli.
Mshale unapanda, unasita, unaketi
kwenye kumi na nane.
Ulitakiwa hamsini na tano.
Injekta zinapewa mate badala ya petroli.

"Si nilisema?" Celestino, mikono kiunoni.

Nalibana bomba la kurudishia kwa koleo na kitambaa.
Mshale unapanda vistari viwili, unachoka.
Basi mafuta hayatorokei huko.
Nafungua chujio, nalipuliza kwa mdomo,
pumzi inapita bila kubisha hodi
na kuniachia ladha nitakayokula nayo mchana.

Nashika mita, natambaa chini.
Betri inatoa volti kumi na mbili na nusu,
pampu inapokea tisa.
Tatu na nusu zimepotea njiani
kama mshahara wa mtu anayepitia baa.

Waya mwekundu nimeuona, mzima.
Nafuata mweusi, ule asiousifu mtu,
hadi unapofungwa kwenye chasi,
chini kabisa ya karavani ya mbao
ambako kwa miaka kumi na miwili
mkojo wa kondoo umedondoka tone kwa tone.
Kutu imevimba kama mkate.
Nagusa bolti kwa kucha, inamung'unyuka.

"Pampu haikufa," nasema. "Imenyimwa ardhi."

Celestino anacheka.
Halafu hacheki.

Kutoka hapa uzio unaonekana,
nyuzi saba, zilizohama usiku mmoja
babu Cayupán akiwa ameenda kuuza manyoya.
Mto ukabaki upande wa pili.
Baadaye walisema watu wetu ni wazito,
hawaanzi kazi, wamechoka tangu kuzaliwa.
Walikuja na karani, na mhuri, na farasi wa polisi.
Geji hawakuja nayo.

Nasugua kwa msasa mpaka chuma kinang'aa,
bolti mpya, grisi juu yake,
na vidole vyangu havihisi tena kitu.
"Washa."

Sasa mvumo ni wa nyuki.
Mshale unaruka hadi hamsini na sita
na injini inashika mara ya kwanza,
kwa hasira, kama mtu aliyeulizwa kila kitu
isipokuwa alichokuwa akikihitaji.

Mbwa ameshapanda nyuma.
Celestino anaendesha bila kuniangalia
na bila kuniomba radhi, ndivyo alivyo.

Jioni nitarudisha geji.
Griffiths ataniuliza nani alikuwa mwenye kosa.
Nitamwambia: kondoo.
Kuhusu lile jingine, hatauliza.
Naye ana shamba kando ya mto.