Robo ya Tano

Skrubu ya pampu niliizungusha robo.
Robo tu, kiganja hakikupinduka.
Hailaksi ikakohoa moshi mweusi ukutani,
kisha ikanguruma kama iliyoitwa kwa jina lake la utotoni.
Bi Somoe akapiga makofi: "Hiyo sasa ndiyo gari!"
Nikamwandikia risiti. Nyuma yake, mhuri wa bluu:
KAZI IKITOKA GETINI FUNDI HAHUSIKI.
Mhuri nilichongesha Chikongola kwa elfu kumi na mbili,
bima ya bei rahisi kuliko zote nilizowahi kukata.

Siku ya tisa, mpando wa Kitangari,
magunia kumi na sita ya korosho mgongoni,
pistoni ya tatu ikalika ubavu
kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa beseni.
Usiku ikanyesha.
Mnadani wakazipasua korosho, wakatazama rangi,
wakazishusha daraja bila kusema neno.

Ofisi ya kata. Pistoni mezani, juu ya gazeti.
Mtendaji, ambaye maishani ameendesha baiskeli tu,
akaligawa kosa kama mkate:
robo ya Bi Somoe, uliomba nguvu, ukapewa;
robo ya Mkalimoto dereva,
mshale wa joto ulipanda, nawe ukapanda nao;
robo ya aliyetuuzia tabo akiapa ni mpya,
huyo simu yake haipatikani,
robo yake ikabaki inaning'inia kwenye feni;
robo yangu.

Nikasaini. Upesi mno.

Bi Somoe hakuishika kalamu.
"Mimi injini siijui, fundi. Ndiyo maana nilikulipa.
Nikimwambia fundi cherehani anibanie gauni,
ataacha pa kupumulia
bila mimi kumkumbusha kwamba nina mapafu."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka,
meno yakiwa makavu.

Kwa sababu hakuna aliyeuliza kuhusu Jumamosi ile,
nilipoijaribu gari hadi Mikindani na kurudi.
Pale kilimani, tukiiacha bahari nyuma,
niliisikia:
ka. ka. ka.
Ukucha juu ya sufuria, si zaidi.
Dadi, mwanafunzi wangu, aligeuka akanitazama.
Na mimi, ambaye miaka kumi na tisa
nimekula kwa masikio haya,
niliongeza sauti ya redio.
Hela yake nilishaipokea. Kodi ya gereji ilikuwa Jumatatu.
Nikajiambia dizeli chafu. Nikajiambia itazoea.

Hiyo ilikuwa robo ya tano,
na mkate ulishakwisha kugawiwa.

Nilisema? Nilisema, "Yangu nitalipa kwa awamu."
Mtendaji akanisifu kwa uungwana.
Mlangoni Dadi alikuwa ameshika boksi la spana,
anahesabu vigae vya jengo la jirani.

Pistoni niliiomba. Iko kwenye meza ya kazi,
inakandamiza risiti zisipeperuke.
Mhuri bado ninao. Wino umekauka,
sijanunua mwingine, wala sijautupa.
Awamu mbili nimelipa; Bi Somoe hupokea,
huhesabu mara mbili mbele yangu, hunishukuru.

Dadi siku hizi akitoka kujaribu gari ya mtu
huzima redio kwanza,
kabla hata ya kufunga mlango.